Kwa Nini Mlimani Kuna Baridi? Historia ya Namna Jua Linavyoipasha Ardhi Joto

Bismillaahir Rahmaanir Rahiym

Himda zote anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aala), Mola wa viumbe vyote. Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote. Ama baad.



Makala hii tunaiandika ili kulipa deni. Siku moja alasiri tulikuwa madrasa tukisomesha Suratun-Nabaa, tukafika pale ambapo Allaah Analitaja jua kuwa ni taa yenye mwanga na joto. Kijana mmoja, umri wake kama miaka kumi na mmoja, akanyoosha mkono. Alikuwa ametoka kumtembelea bibi yake Bugarama. Akasema: "Mwalimu, kama jua ni taa, na Bugarama iko juu mlimani, basi wao wako karibu na taa kuliko sisi. Mbona kule nimelala na mablanketi mawili, na hapa Bujumbura tunalala dirisha wazi?"

Wenzake wakacheka. Nasi, badala ya kumjibu, tukamwambia kuwa hilo si somo la hapa, akamuulize mwalimu wake wa skuli. Ukweli ni kwamba jibu hatukuwa nalo, na tuliona haya kusema hatujui. Imamu Maalik (Rahimahu Allaah), pamoja na ukubwa wa elimu yake, aliulizwa masuala mengi na mengi katika hayo akajibu kuwa hajui, wala hakuona kuwa heshima yake imepungua. Sisi wa madrasa ya uchochoroni ndio tuliojificha. Yule kijana akakaa muda mrefu bila kuuliza swali lolote, na hilo ndilo lililotuuma.

Basi tukaanza kutafuta. Tulichokikuta kilitushangaza: swali la mtoto huyu liliwashughulisha wanazuoni wakubwa wa dunia, na njia ya kulifikia jibu lake ilipita Cairo, karibu na mlango wa Al-Azhar.

Kadhi aliyeipima hewa

Waislamu wa mwanzo walikuwa na sababu ya wazi ya kuliangalia jua, nayo ni swala. Adhuhuri na Alasiri zinajulikana kwa kivuli, na katika Suratul-Furqaan Allaah Anatutaka tuangalie namna kivuli kinavyotandazwa na jua likawa ndilo dalili yake. Maghrib ni kuzama kwake. Ama Alfajiri na Isha zinategemea ule mwanga unaobaki angani hali jua lenyewe halionekani.

Hapo pana swali. Jua likishazama, ule mwanga unatoka wapi? Jibu lao lilikuwa kwamba juu ya vichwa vyetu kuna hewa yenye mvuke, na miale ya jua lililo chini ya upeo inaigonga hewa hiyo ya juu na kuturudia sisi. Katika karne ya 11, huko Andalus, kadhi wa mji wa Jaén aliyeitwa Ibn Mu'adh al-Jayyani aliandika risala kuhusu mwanga wa alfajiri na wa jioni. Alisema kuwa mwanga wa alfajiri huanza jua linapokuwa nyuzi 18 hivi chini ya upeo. Kisha kwa hesabu za pembe na mduara wa ardhi akakisia urefu wa ile hewa inayorudisha mwanga, akapata maili 52 hivi kwa maili za wakati wake.

Risala hii ilitafsiriwa kwa Kilatini, na kwa muda mrefu watu walidhani mwenyewe ni Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kuishi Cairo mpaka alipofariki karibu na mwaka 1040. Kosa hilo linasameheka, kwani Ibn al-Haytham ndiye aliyekuwa imamu wa elimu ya mwanga, na aliandika pia kuhusu vioo vinavyokusanya miale ya jua mpaka ikaunguza. Lakini watafiti wa karne ya 20 walionyesha kuwa risala ni ya kadhi. Mtu aliyekuwa akihukumu ndoa na mirathi mchana, ndiye aliyeipima hewa kwa mwanga wa alfajiri na wa jioni.

Sheikh, Pasha na saa ya kivuli

Sasa turuke miaka mia saba mbele, tufike Cairo mwishoni mwa miaka ya 1740. Mwanahistoria wa Misri, Sheikh Abdurrahman al-Jabarti, ametuhifadhia kisa ambacho kila mwalimu wa dini afaa kukijua.

Dola ya Uthmaniyya ilimtuma Misri gavana mpya, Ahmad Pasha, mtu aliyependa sana hisabati. Masheikh wa Al-Azhar wakaenda kumsalimia, wakiongozwa na mkuu wao, Sheikh Abdullah ash-Shubrawi. Pasha akaanza kuwauliza mambo ya hisabati, wakanyamaza. Akamwambia Sheikh kuwa kwao husikia Misri ni chemchemi ya elimu, na alitamani sana kuja, lakini anayoyaona siyo aliyoyasikia. Sheikh akajibu kwa ukweli kwamba wengi wa wanafunzi wa Al-Azhar hawajishughulishi na hesabu isipokuwa kiasi cha kugawa mirathi. Pasha akauliza: na elimu ya nyakati za swala je? Akajibiwa kuwa hiyo ni fardhi kifaya, wakiisimamia baadhi inatosha. Tena inahitaji vyombo na mikono ya ufundi, na wanafunzi wengi wa Al-Azhar ni watu maskini.

Lakini Sheikh hakuishia hapo. Akamwambia Pasha kuwa yuko mtu mmoja anayejua, anaitwa Hasan al-Jabarti. Huyu alikuwa baba yake mwanahistoria wetu, na asili ya ukoo wao ni Jabart, upande wa Pembe ya Afrika. Pasha akawa mwanafunzi wake. Wakatengeneza saa za kivuli juu ya mawe ya marumaru, na moja ikawekwa Al-Azhar. Inasimuliwa kuwa Sheikh ash-Shubrawi kila akikutana na Sheikh Hasan alimuombea dua, kwa kuwa aliwasitiri mbele ya Pasha.

Al-Jabarti anaeleza pia kuwa walikuja wanafunzi wa Kizungu kusoma jiometri kwa baba yake, wakarudi kwao na kuitumia.

Tazama, ndugu msomaji. Jibu la Sheikh kuhusu fardhi kifaya lilikuwa sahihi. Lakini fardhi kifaya ina upande wa pili: wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Na katika mji mzima wa elimu, Sheikh alimtaja mtu mmoja tu.

Sanduku la vioo mlimani

Miaka kadhaa baadaye huko Geneva, mtu aitwaye Horace-Bénédict de Saussure alikuwa na swali lile lile la kijana wetu. Alikuwa mpandaji wa milima, akijua kwamba kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Je, jua la mlimani ni dhaifu?

Kuanzia mwaka 1767 alitengeneza masanduku ya kunasa joto la jua. Moja lilikuwa la mbao, ndani limepakwa weusi, juu limefunikwa kwa vioo vitatu vilivyoachana. Miale ilipita kwenye vioo, ikapasha weusi wa ndani, na joto likakosa njia ya kutoka. Sanduku lilipita joto la maji yanayochemka.

Kisha akalipandisha sanduku mlimani, juu ya Mlima Cramont katika milima ya Alps. Nje palikuwa na baridi ya nyuzi 6 hivi, lakini ndani ya sanduku joto lilifika karibu nyuzi 88. Siku ya pili akashuka chini karibu mita 1,500, mahala ambapo hewa ilikuwa na nyuzi 25 hivi. Ndani ya sanduku? Karibu vile vile.

Maana yake ni kwamba jua la mlimani si dhaifu hata kidogo. Tofauti iko kwenye hewa. Ile ya juu ni nyepesi, haiwezi kulishika joto kama hewa nzito ya bondeni.

Yatima aliyefika Cairo

Mwezi wa Julai 1798 Napoleon aliivamia Misri akiwa na jeshi kubwa. Mwezi wa Oktoba watu wa Cairo waliposimama dhidi yake, mizinga ilielekezwa Al-Azhar, na askari wakaingia msikitini na farasi wao. Hayo al-Jabarti aliyaandika kwa uchungu, na hatuyasahau.

Lakini pamoja na mizinga, Wafaransa walikuja pia na wanazuoni wao, wakafungua taasisi katika mtaa wa Nasiriyya. Al-Jabarti alikwenda kuwaangalia. Hakuficha chuki yake kwa uvamizi, wala hakuficha kustaajabu kwake kwa maktaba na majaribio aliyoyaona. Huo ndio uadilifu wa mwanachuoni.

Katibu wa taasisi ile alikuwa kijana wa miaka thelathini, Joseph Fourier. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo, akasomeshwa na watawa. Alikaa Misri mpaka mwaka 1801. Inasimuliwa kuwa tokea hapo alipenda joto kupita kiasi, hata kwao Ufaransa alikuwa akijifunika nguo nyingi na kufanya vyumba vyake viwe vya moto.

Mwaka 1824 Fourier aliandika risala kuhusu joto la ardhi. Aliuliza swali ambalo sisi hatujawahi kuliuliza, kwa kuwa kila asubuhi tunaamka tukakuta neema iko pale pale: jua linatupa joto kila siku, mbona ardhi haizidi kuwa moto mpaka ikayeyuka? Na usiku inapopoteza joto, mbona haigandi?

Jibu lake ni kwamba ardhi nayo inatoa joto kwenda angani, lakini joto hilo ni la kiza, halionekani kwa macho. Tayari mwaka 1800 William Herschel alikuwa ameweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu ya mwanga uliogawanywa, pasipoonekana kitu, na kikapanda. Fourier akalikumbuka sanduku la Saussure. Akasema mwanga wa jua unaingia kwa urahisi katika hewa, lakini joto la kiza linapata taabu kutoka. Kwa hiyo hewa inaifunika ardhi.

Mwanamke na mitungi ya kioo

Ilibaki kujua: ni kitu gani ndani ya hewa kinachozuia joto? Mwaka 1856 huko Marekani, mwanamke aitwaye Eunice Foote alichukua mitungi miwili ya kioo, vipimajoto na pampu ya hewa, akaiweka juani. Katika mmoja alipunguza hewa, katika mwingine akaishindilia. Mtungi wenye hewa nyingi ukapata joto zaidi, na mwenyewe akasema hilo linasaidia kueleza kwa nini jua lina athari ndogo kwenye vilele vya milima. Swali la kijana wetu hasa!

Kisha akajaribu hewa kavu na hewa yenye unyevu. Yenye unyevu ikapata joto zaidi. Mwisho akajaza hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Hiyo ilifika nyuzi 52 na ikachelewa sana kupoa. Akasema kuwa kama zamani hewa ya ukaa ilikuwa nyingi zaidi, basi ardhi nayo ilikuwa na joto zaidi. Risala yake ilisomwa kwenye mkutano wa wanasayansi na mwanamume kwa niaba yake, kisha akasahauliwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Wazazi wenye mabinti, tunaomba mlisome hili mara mbili.

Mwaka 1859 huko London, John Tyndall alipima joto la kiza lenyewe. Akakuta kuwa naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, zinaliacha lipite. Vinavyolishika ni vitu vichache: mvuke wa maji, hewa ya ukaa na baadhi ya hewa nyingine. Kidogo katika hewa, lakini bila hicho kidogo tungeganda.

Basi jua linaipashaje ardhi joto?

Tukusanye yote kwa ufupi, ili mzazi aweze kumueleza mwanawe.

Mwanga wa jua husafiri kilomita milioni 150 na kutufikia kwa muda wa dakika 8 hivi. Tukiugawa mafungu 100, karibu mafungu 30 yanarudishwa angani na mawingu, barafu, mchanga na hewa. Karibu 20 yananyonywa na hewa na mawingu. Yaliyobaki, karibu nusu, yananyonywa na nchi kavu na bahari.

Kwa hiyo hewa haipati joto lake zaidi kutoka juu. Inalipata kutoka chini. Ardhi ikipata moto huipasha hewa iliyoigusa, hutoa mvuke, na hutoa joto la kiza. Mvuke na hewa ya ukaa hulinyonya joto hilo na kurudisha sehemu yake chini. Mfano wa sanduku la vioo unatusaidia, ingawa si sawasawa, maana kioo huzuia pia upepo wa ndani usitoke.

Kama si kifuniko hiki, wastani wa joto la ardhi ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa rehma ya Allaah ni karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Utazame mwezi: uko mbali na jua takriban kama sisi, lakini hauna kifuniko. Mchana wake hupita nyuzi 100, na usiku wake hushuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri.

Na Bugarama? Bujumbura iko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, Bugarama iko zaidi ya mita 2,000. Kilomita moja na nusu si kitu mbele ya milioni 150, kwa hiyo ule ukaribu na taa haupo. Jiko letu liko chini, nalo ni ardhi. Hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Tena juu hewa ni nyepesi na mvuke ni mchache, joto linatoroka upesi. Kwa wastani kila kilomita moja ya kupanda hupunguza nyuzi 6 na nusu hivi. Mablanketi mawili ya bibi yana hesabu yake.

Amana ya kifuniko

Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikaa na karatasi na kalamu, akahesabu kuwa hewa ya ukaa ikiongezeka, ardhi itazidi joto. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Leo zimepita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na misitu iliyokatwa, na joto la ardhi limepanda zaidi ya nyuzi 1.

Haya hayako mbali nasi. Mwaka 2003 watafiti walichapisha kuwa maji ya Ziwa Tanganyika yamepata joto katika karne ya 20. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na virutubisho vinavyokuza chakula cha samaki vinabaki kilindini. Anayenunua ndagala na mukeke sokoni anahusika na jambo hili, awe amesoma au hakusoma.

Allaah Ameiweka mizani na Akatukataza tusiipunje. Na hatuwezi kuichunga mizani ambayo hatujui inafanya kazi vipi.

Nasaha yetu

Ndugu wazazi, hatusemi watoto waache msahafu wakasome hewa. Yule kadhi wa Jaén hakuacha fiqhi, na Sheikh Hasan al-Jabarti hakuacha darsa zake. Tunasema kwamba mtoto akiuliza kuhusu jua asiambiwe hilo si somo la hapa. Kadhi aliliuliza kwa kuangalia mwanga wa alfajiri na wa jioni. Kisha likaulizwa na wengine, na leo tunawasoma wao.

Na walimu wenzetu, neno "sijui" halimvunjii mwalimu heshima. Linalomvunjia ni kumnyamazisha mtoto ili lisijulikane.

Sisi tulirudi darasani. Tukamwita yule kijana mbele ya wenzake, tukamwambia: "Siku ile ulituuliza, hatukujua, na tukakosea kukujibu vile. Tuwie radhi." Kisha tukawaeleza wote haya mliyoyasoma, kidogo kidogo, kwa siku tatu. Siku ya nne alinyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, kumbe ndiyo maana usiku wa mawingu hauwi na baridi sana?"

Tukamwambia ndiyo, na hilo umelijua mwenyewe.

Tunamuomba Allaah Atuzidishie elimu yenye manufaa, Atupe ukweli wa kusema tusichokijua, na Ajaalie katika watoto wetu wa kiume na wa kike watakaotutoa katika dhambi ya kuacha fardhi kifaya. Aamiyn.

Wallaahu A'lam.